Je, Hilux ya dizeli inaweza kutembea kwa mafuta ya kukaangia chipsi?

"Shikamoo, mhandisi. Nina Hilux ya zamani yenye injini ya Toyota iitwayo 5L, nabebea kabichi na karoti kutoka Lushoto kwenda Tanga mara mbili kwa wiki, na kurudi napakia bidhaa za dukani. Dizeli inakula karibu faida yote. Kaka yangu anayeishi Ujerumani ananiambia kule watu waliendesha magari kwa mafuta ya kupikia kwa miaka mingi, na hapa Tanga hoteli mbili zimekubali kunipa mafuta waliyokwisha kukaangia. Fundi wangu anasema niyachuje kwa kitambaa, nichanganye na petroli kidogo ili yawe mepesi, kisha nimimine kwenye tanki. Nimejaribu lita 20, nusu kwa nusu na dizeli, bila petroli kwanza. Gari limekwenda vizuri kabisa, ila moshi unanukia chipsi. Je, niendelee? Ni kweli kwamba injini itakufa? Na je, ninaweza kulibadilisha gari moja kwa moja?"

Marahaba, ndugu yangu. Nikiliweka swali lako kwa maneno yangu, umeona kwa macho yako gari likishuka na kupanda mlima bila tatizo, na wakati huohuo unasikia watu wakisema injini itakufa, sasa hujui umwamini nani. Wote wanasema kweli. Mafuta ya kula yanawaka ndani ya injini ya dizeli, na lita 20 hazitoshi kuonyesha madhara yake, kwa sababu madhara hujengeka taratibu kwa maelfu ya kilomita mahali ambapo dereva haoni. Kwa hiyo usiendelee kwa njia unayotumia sasa, na petroli usiitie kabisa. Kulibadilisha gari kunawezekana kwa injini uliyo nayo, lakini kwa masharti, na mengi kati ya hayo yanategemea barabara yako na hoteli zako kuliko mtambo utakaoufunga.

Kaka yako hakukudanganya. Ujerumani ilikuwa na karakana zilizobobea katika kazi hii, na mafuta ya mbegu za rapa yaliwekewa hata kiwango rasmi cha ubora kama nishati ya injini, DIN 51605. Kilichopunguza mtindo huo ni kodi, ambayo kuanzia mwaka 2008 ilitozwa pia kwenye mafuta ya mimea na kupandishwa hatua kwa hatua, pamoja na ujio wa injini mpya zisizoyavumilia. Wauzaji wa mitambo hupenda pia kusimulia kwamba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ndogo ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, na kwamba Rudolf Diesel mwenyewe aliizungumzia habari hiyo mwaka 1912. Ni kweli, ila husahau kuongeza kwamba injini za zama zile zilikuwa nzito na za mwendo wa polepole. Mfano unaonivutia zaidi ni wa kisiwa cha Bougainville katika Pasifiki, ambako wakati wa vita vya miaka ya 1990 watu waliozingirwa na kukatiwa dizeli waliendesha magari yao kwa mafuta ya nazi. Lakini mtu aliyezingirwa haulizi ringi za pistoni zitadumu miaka mingapi. Wewe unapaswa kuuliza.

Sasa tuingie ndani ya injini. Injini ya dizeli haina plagi ya cheche. Pistoni huibana hewa hadi ipate joto la zaidi ya nyuzi 500, kisha nozeli hupuliza mafuta ndani ya hewa hiyo yakiwa ukungu mwembamba, na ukungu huo hujiwasha wenyewe. Kila kitu kinategemea wembamba wa ukungu huo. Mafuta ya kula, kwenye joto la nyuzi 40, ni mazito takriban mara 10 hadi 15 kuliko dizeli, na nozeli iliyotengenezwa kwa ajili ya dizeli haiwezi kuyavunja vizuri yakiwa katika hali hiyo, kwa hiyo hutoka kama matone makubwa yasiyowahi kuungua yote kabla pistoni haijashuka. Yanayobaki hufika kwenye kuta za silinda na kwenye ncha ya nozeli yakiwa yameungua nusu, na huko hugeuka masizi magumu. Nozeli yenye masizi hunyunyiza vibaya zaidi, matone yakazidi kuwa makubwa, na masizi yakazidi kuongezeka. Baada ya muda ringi za pistoni huanza kunata kwenye mifereji yake, mgandamizo hupungua, na gari lililokuwa likiwaka kwa mshtuo mmoja huanza kusumbua asubuhi.

Kuna njia ya pili ya uharibifu, nayo ndiyo ninayoiogopa zaidi. Mafuta yasiyoungua huteremka kando ya ringi hadi kwenye oili ya injini. Dizeli ikiingia humo, sehemu yake huvukizwa na joto la injini na kuondoka, lakini mafuta ya kula hayavukizwi, hubaki na kujirundika kila siku. Yakikaa katika joto na hewa huungana yenyewe kwa yenyewe na kuwa gundi, mabadiliko yaleyale yanayofanyika kwenye ukuta ulio nyuma ya jiko la chipsi, ambako rojo la kahawia hunata hata ukilisugua kwa maji ya moto. Oili ikifikia hapo haipiti tena kwenye njia nyembamba, na injini hukwama kwa kukosa ulainisho, ingawa dereva akipima kwa kijiti anaiona oili imejaa. Wakati mwingine inakuwa imejaa kupita kiasi, na hilo madereva wengi hulifurahia badala ya kulihofia.

Injini yako ina bahati mbili. Kwanza, 5L hupokea mafuta katika chumba kidogo cha awali kabla ya silinda yenyewe, na mpangilio huo wa zamani hustahimili mafuta mazito kuliko injini zinazopuliza moja kwa moja juu ya pistoni. Pili, nozeli zake hufanya kazi kwa shinikizo dogo, chini ya bari 200, na pampu yake ya kawaida ni ya kimakanika isiyo na kompyuta. Hakikisha tu kwamba yako si 5L-E, yenye pampu inayoongozwa kwa umeme, kwa maana hiyo ni habari nyingine. Mwenye Hilux ya D-4D, yaani yenye injini mpya zaidi ya 1KD au 2KD inayoongozwa kwa kompyuta, asilisome jibu hili kama ruhusa. Mfumo wake hufanya kazi kwa shinikizo la zaidi ya bari 1,300, nafasi kati ya vyuma vya nozeli zake ni maikroni (sehemu za elfu za milimita) chache tu, na akijaza mafuta ya hoteli humo, gharama ya nozeli nne itameza faida ya kabichi ya msimu mzima.

Bahati hizo zina upande wake wa pili. Pampu ya 5L ni ya mzunguko, na vyuma vyake hulainishwa na mafuta yaleyale inayoyasukuma. Mafuta ya kula yakiwa ya moto huilainisha vizuri, pengine kuliko dizeli. Yakiwa baridi na mazito huielemea, na kwa kuwa pampu hiyo ndiyo pia inayovuta mafuta kutoka tangini, mpira wowote wenye ufa mdogo huanza kuingiza hewa. Wengi hudhani mafuta ni mabaya, kumbe ni mpira wa zamani na kibana chake kilicholegea.

Ndiyo maana ushauri wa petroli haufai hata kidogo. Petroli imetengenezwa isijiwashe kwa mgandamizo, wakati injini yako inaishi kwa mafuta yanayojiwasha kwa mgandamizo, kwa hiyo unachelewesha uwakaji ambao tayari ulikuwa umechelewa. Petroli pia haina ulainisho ambao pampu inauhitaji. Zaidi ya hayo, mvuke wake unaweza kulipuka katika tanki na madumu ambayo hayakupangiwa hatari hiyo. Fundi wako anafikiri kwa haki kwamba uzito ndio tatizo. Dawa aliyoichagua ndiyo mbaya. Dawa sahihi ya uzito ni joto.

Ukiyapasha mafuta ya kula hadi nyuzi 70 au 80, uzito wake hushuka sana, hata kama hayafikii wepesi wa dizeli, na nozeli huweza kuyafanya ukungu. Hapo ndipo wazo la matanki mawili lilipoanzia. Gari hubaki na tanki la dizeli, kisha linaongezewa tanki la mafuta ya mimea lenye bomba la maji ya moto kutoka kwenye injini. Maji hayohayo huandamana na njia ya mafuta, hupasha filta yake, na hupita kwenye kibadilisha joto kabla mafuta hayajaingia kwenye pampu. Vali za njia tatu, zinazoendeshwa kwa swichi iliyo mbele ya dereva, huchagua tanki la kutumia. Unawasha kwa dizeli, unasubiri kila kitu kipate moto, unahamia kwenye mafuta, na kabla ya kuzima unarudi kwenye dizeli ili pampu na nozeli zisafishike. Ukisahau hatua hiyo ya mwisho, kesho yake unawasha injini baridi iliyojaa mafuta baridi, na makosa machache ya namna hiyo yanatosha kufuta faida ya uangalifu wote. Mabomba na kibadilisha joto visiwe vya shaba, kwa kuwa shaba huharakisha mafuta kugeuka gundi. Tumia alumini au chuma kisichoshika kutu.

Kabla ya kununua chochote, fungua uone kama gari lako lina themostati, yaani vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto. Sisemi kwa utani. Mafundi wengi wa kwetu huitoa wakiamini kwamba injini itapoa vizuri zaidi, na kwa miaka mingi mwenye gari hajui. Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto, na kwenye mteremko hupoa tena. Kwa dizeli unapoteza mafuta kidogo tu. Kwa mafuta ya kula unaharibu injini, hata ufunge mtambo wa bei gani.

Sasa nitazame njia yako, maana mtambo ni wa barabara kabla ya kuwa wa gari. Unaondoka Lushoto alfajiri, injini baridi, na karibu mara moja unaanza kuteremka kuelekea Mombo. Kwenye mteremko injini haifanyi kazi ya kutosha kupata moto, kwa hiyo kipande hicho chote ni cha dizeli, tena uendelee na dizeli hadi uwe umekwenda kidogo kwenye tambarare na kipimo cha joto kimetulia. Kuanzia hapo, kupita Korogwe na Segera hadi karibu na Tanga, ni mwendo mrefu, thabiti, wenye mzigo, na huo ndio mwendo ambao mafuta ya mimea huupenda. Ukifika Tanga na kuanza kuzunguka mitaani ukishusha magunia, ukizima na kuwasha, rudi kwenye dizeli na ubaki nayo. Wakati wa kurudi, kupanda kutoka Mombo ukiwa na mzigo ndiyo sehemu bora kuliko zote, kwa sababu injini iko moto na inafanya kazi kweli. Ukishapita Soni, hamia kwenye dizeli ili ufike nyumbani ukiwa umeshasafisha pampu. Kwa mtu anayefanya teksi mjini ningesema hapana bila kusita. Safari yako ni miongoni mwa chache zinazofaa.

Hali ya hewa ya Lushoto ndiyo inayokupinga. Mafuta mengi ya kukaangia yanayouzwa kwetu ni ya mawese yaliyochujwa, ambayo kwenye joto la Tanga ni maji matupu lakini kwenye baridi ya Juni na Julai milimani huanza kuwa na ukungu na kisha kuganda, hasa yakiwa yamechanganyika na mafuta ya kuku au nyama. Tanki lazima lipashwe, na filta pia. Kwa upande mwingine, mawese yana sifa nzuri: hayana haraka ya kugeuka gundi. Alizeti, ambayo jikoni tunaisifu, ndani ya injini hushika gundi upesi zaidi. Nazi ndiyo bora kuliko zote kwa jambo hili, lakini huganda chini ya nyuzi 25 hivi, na bei yake haina hata haja ya kujadiliwa.

Kuhusu usafi, kitambaa hukamata makombo ya viazi na hakikamati maji, chumvi wala unga laini. Mafuta ya hoteli yaache yatulie kwenye pipa kwa wiki kadhaa, uchote ya juu tu, uyapashe hadi nyuzi 60 au 70, uyaache yatulie tena, kisha uyapitishe kwenye filta ya maikroni 5. Kipimo cha maji unaweza kukifanya jikoni: pasha kikaango kikavu kipate moto sawasawa, dondoshea mafuta kidogo, na yakitoa vipovu au kupasukapasuka, bado yana maji na hayaingii kwenye gari. Fanya hivyo ukiwa umesimama mbali kidogo na umeuepusha uso wako. Mafuta meusi yenye harufu kali, yaliyokaangiwa hadi yakachoka, yana asidi nyingi inayokula vyuma vya pampu. Hayo yakatae hata ukipewa bure.

Hapo tunafika kwenye hesabu. Tuseme safari ya kwenda na kurudi inakula lita 40, yaani lita 80 kwa wiki. Kwa njia niliyoieleza, labda lita 20 zitabaki kuwa dizeli, na 60 ziwe mafuta safi. Ukikadiria kwamba robo ya mafuta machafu hubaki chini ya pipa kama tope na maji, unahitaji madumu manne ya lita 20 kila wiki, bila kukosa. Je, hoteli zako mbili zinatoa kiasi hicho? Muuza chipsi wa kwetu hamwagi mafuta. Huongezea juu ya yaliyopo hadi yaishe, na yanayosalia huyauza kwa mkaangaji mdogo zaidi. Mafuta yaliyotumika pia yamekuwa bidhaa yenye wanunuzi duniani, kwa sababu viwanda vya Ulaya huyageuza kuwa dizeli, na hoteli inayokupa bure leo inaweza kukutajia bei mwakani. Mafuta mapya ya dukani yasahau, maana lita yake ni ghali kuliko dizeli. Ongeza pia kwamba utabadilisha oili ya injini kwa nusu ya kilomita ulizozizoea, na filta za mafuta mara nyingi zaidi. Ukitoa gharama hizo na bado unaona faida ndani ya mwaka mmoja au miwili, mradi una maana. Kwa hoteli mbili peke yake, mimi nina shaka.

Huenda mtu akakushauri utengeneze baiodizeli badala yake, na kwa injini hilo ni jambo zuri zaidi, kwa sababu mafuta yenyewe hubadilishwa kikemia yakawa mepesi karibu kama dizeli. Ubelgiji, basi moja liliendeshwa kati ya Brussels na Louvain mwaka 1938 kwa mafuta ya mawese ya Kongo yaliyogeuzwa kwa njia hiyo. Shida ni kwamba njia ya kawaida leo inatumia methanoli pamoja na magadi makali ya sodiamu. Methanoli hupofusha na kuua, kama ilivyoonekana Kenya mwaka 2014 ilipoingia kwenye pombe, mvuke wake huwaka kwa urahisi, na moto wake mchana hauonekani vizuri. Uani kwako, palipo na watoto na jiko la mkaa, sitakushauri hata mara moja. Ukipata kiwanda kinachouza baiodizeli iliyopimwa, kachanganye kiasi kidogo na dizeli bila wasiwasi mkubwa.

Ukiamua kuendelea na matanki mawili, usianze na fundi wa kuchomelea tanki. Anza na fundi wa pampu mwenye mashine ya kupimia nozeli, nozeli zikaguliwe na mgandamizo wa kila silinda upimwe, na vipimo hivyo uviandike. Injini iliyochoka haitaponywa na mafuta ya mimea, itamalizwa. Rudia vipimo baada ya kilomita 5,000, ili ujue kinachoendelea kabla gari halijakwambia lenyewe. Kati ya vipimo, ukiona moshi mweupe asubuhi unaokawia kuisha, mlio wa kugonga usiouzoea, au kuwaka kwa shida, rudi kwenye dizeli tupu na umwone fundi wiki hiyohiyo. Oili ikipanda kwenye kijiti au ikianza kuvuta kama uji, hapo usiende hata kilomita moja; zima, mwaga oili yote, na fundi aje ulipo. Ijulishe pia bima yako kuhusu tanki la pili.

Kuhusu mchanganyiko ulio nao sasa tangini, usiumwage. Jaza dizeli juu yake hadi tanki liwe limejaa, uumalizie kwenye safari ndefu na usiutumie kwa mizunguko ya mjini, kisha ubadilishe filta ya mafuta. Siku hiyohiyo angalia kijiti cha oili gari likiwa limesimama tambarare, na kama kilomita za kubadilisha oili zimekaribia, usizisubiri zitimie.